Mate ya Mama Mbonea

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, lakini sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali, kibali hutolewa na ofisa, na kumwendea ofisa ukamkuta anawaza kwenda kunywa chai ni kosa la jinai. Basi tuiite nchi yetu tu, na kila msomaji aijazie jina analolijua yeye, kimoyomoyo, bila kufungua mdomo.

Mimi ni fundi cherehani. Siasa siijui. Ninachokijua ni kola, ni mfuko wa ndani, na ni mteja anayesema atapita kesho. Habari hizi nazijua kwa sababu koti lililowekwa mahakamani kama kielelezo nililishona mimi, na mpaka leo watu wananiuliza habari za mate, hakuna hata mmoja anayeniuliza habari za mishono.

Yote yalianza na andazi. Mwananchi mmoja aliingia Ofisi ya Ardhi, akauliza shauri lake la kiwanja limefikia wapi. Ofisa aliyekuwa zamu hakuwa amezoea kuulizwa. Alishtuka, andazi likamponyoka, likatumbukia kwenye kikombe, na chai ikamrukia kwenye tai. Picha ya ile tai ilichapishwa ukurasa wa mbele wa magazeti yote mawili, na bendera zikapepea nusu mlingoti mpaka doa lilipotoka.

Waziri wa Hadhi ya Watumishi, Mheshimiwa Kijoligwe, alisimama bungeni huku machozi yakimlengalenga.

"Waheshimiwa wabunge!" alisema. "Leo ni tai. Kesho ni shati. Keshokutwa, Mungu apishie mbali, ni kitambi chenyewe! Nawauliza, watumishi wetu watawatumikiaje wananchi, ikiwa wananchi wenyewe hawaachi kuja kutumikiwa?"

Wabunge walipiga meza mpaka maji yakamwagika kwenye glasi. Sheria ya Kumkinga Mtumishi ilipita kabla ya chakula cha mchana. Mbunge mmoja alinyoosha mkono kuomba ruhusa ya kwenda msalani, naye akahesabiwa miongoni mwa walioiunga mkono na kupongezwa kwa uzalendo wake.

Sheria yenyewe ilikuwa ndefu, lakini redio ilitusomea vifungu vyenye utamu. Kumpiga mtumishi wa umma, kifungo cha maisha. Kumgusa, vilevile, kwa maana kila kipigo huanzia kwenye mguso. Kumtemea mate, miaka kumi na mitano, na hakimu haruhusiwi kupunguza hata siku. Kisha likaja kosa la kumzuia mtumishi kufanya kazi, nalo lilikuwa pana: kusimama mbele ya dirisha lake, kumwita akiwa ametazama pembeni, kulia ofisini, na kurudi kuuliza jambo ambalo ulipouliza mara ya kwanza hukujibiwa.

Sisi wananchi tuliipenda. Mimi mwenyewe niliisifu pale kibarazani kwangu, nikisema sasa hawa watu watafanya kazi bila wasiwasi. Na kweli ofisi zilitulia kabisa. Hakuna aliyekwenda. Mwisho wa mwaka Waziri akatangaza kwamba malalamiko ya wananchi yamekwisha.

Tatizo likawa moja tu: hapakuwa na mtu wa kufunga. Serikali ilikuwa imejenga mahakama maalumu yenye marumaru, na sofa za waathirika, na kikapu cha leso mlangoni. Hakimu alifika kila asubuhi, akavaa joho, akawasalimia viti, akaondoka. Waziri akaanza kusengenywa na baraza zima la mawaziri. Akasema redioni kwamba ukimya huu unatia shaka, na kwamba bila shaka wananchi wanawashambulia watumishi kisirisiri.

Wakati wao wanatafuta mhalifu, jirani yangu Nakijwa, ambaye sote tulimwita Mama Mbonea, alikuwa anachimba tangawizi.

Alikuwa mjane. Shamba lake liko mteremkoni, mahali ambapo hata mbuzi hufikiri mara mbili, na kwa tangawizi hiyo alimsomesha mwanawe wa pekee, Mbonea, tangu darasa la vidudu hadi chuo. Kucha zake zilikuwa za manjano mwaka mzima. Ukikaa naye kanisani unatamani chai. Siku Mbonea alipopata kazi serikalini, Afisa Msaidizi katika Idara ya Maji, Mama Mbonea alikuja kwangu akikimbia na kanga imemlegea.

"Fundi," aliniambia, "nataka koti. Si koti la kuvaa. Koti la kuonekana."

Nililishona. Kitambaa cha buluu iliyokolea, bitana ya hariri, vifungo vinne mkononi. Sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa lilikuwa koti la kujisifia.

Hapa yanipasa nieleze desturi yetu, maana wageni hawaijui na serikali iliisahau. Kwetu milimani mtoto haondoki hivi hivi. Awe anakwenda shule ya bweni, au mtihani, au kuoa, mzazi wake hunywa funda la maji, akalishika mdomoni huku akimwombea moyoni, kisha akamnyunyizia kichwani na viganjani. Mtoto huinamisha kichwa, hukunjua viganja, na yale yaliyomdondokea hujipaka usoni. Ndiyo, ni maji na mate, wala hatuoni haya. Mbonea hakuwahi kuanza safari yoyote bila hayo. Alipokwenda chuo, mama yake alimbariki stendi mbele ya wenzake, na kijana wa watu akainama bila aibu, kondakta akingoja.

Siku ya kula kiapo nilifuatana na Mama Mbonea, kwa sababu alikuwa anaogopa lifti, na mimi nilitaka kuona koti likipigwa jua. Mbonea alikuwa ametangulia alfajiri na wenzake. Mama alikuwa amepanga ambariki kabla ya kiapo, na kwa ajili hiyo alibeba kibuyu kidogo cha maji ya chemchemi ya kwao.

Tulifika mapema. Lakini getini palikuwa na askari. Walimpekua Mama Mbonea mfuko, wakamvua viatu, wakakinusa kibuyu. Wakasema kimiminika lazima kionjwe. Aliyekishika alikuwa na cheo cha chini, akasema hana mamlaka ya kuonja kabla ya mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa amekwenda kunyoa. Alipokuja akasema naye ana mkubwa wake. Tukasimama hapo, yeye peku kwenye changarawe, mimi na kofia mkononi, huku tukisikia kipaza sauti ndani kikiita majina.

"Afande, mwanangu anaapishwa," Mama Mbonea alisema.

"Mama, unanizuia?" askari akauliza kwa upole.

Mama akarudi nyuma hatua moja. Kibuyu kikaonjwa kwa kufuata vyeo, kikaonekana ni maji, tukaruhusiwa. Tulipoingia uwanjani, Mbonea alikuwa ndiyo kwanza ameshusha mkono. Alikuwa ameapa. Alikuwa mtumishi wa umma tangu dakika hiyo, na sisi hatukujua kwamba dakika ina uzito kiasi hicho.

Alimwona mama yake. Akaacha mstari, akaja na lile koti, na jua likalipata kama nilivyotaka. Aliinamisha kichwa na kukunjua viganja, kama kule stendi, kama siku zote. Mama akanywa funda, akafumba macho, midomo ikamtetema kidogo kwa maombi yale ambayo hayatamkwi, akamnyunyizia.

Filimbi ililia.

Askari walitoka pande zote, hata kwenye paa. Mama Mbonea alibebwa juujuu, peku vilevile, kibuyu kikavunjika. Mbonea alipiga kelele: "Ni mama yangu! Mwacheni, ni mama yangu!"

"Tunaelewa, afisa," mkubwa wao akamjibu, akimfunika blanketi. "Mshtuko humfanya mtu aseme mengi. Mtumishi wa umma hana mama saa za kazi."

Mbonea alilazwa. Kichwa chake kilifungwa bandeji nene ingawa kilikuwa kimekauka kabla ya gari la wagonjwa kuondoka. Waziri alimtembelea akiwa na waandishi na glavu, akamkumbatia, akamwita mtoto wa taifa. Ilionekana wazi kwamba Waziri ameteseka sana kumsubiri. "Hatimaye!" alisema, kisha akajirekebisha: "Yaani, hatimaye unapata nafuu."

Mimi niliitwa kutambua koti. Ndivyo nilivyokuwapo chumbani wakati Wakili wa Serikali, Bwana Kiondo, alipokuja kumwandaa shahidi wake. Alikuwa kijana msafi, mwenye sauti ya kubembeleza, na alimletea Mbonea zabibu.

"Afisa, ulihisi nini mate yalipokufikia?"

"Nilihisi nimefika," Mbonea akajibu.

"Tutaandika kizunguzungu."

"Wakili, mama alinibariki. Mimi mwenyewe niliinama. Nitasema hivyo mbele ya hakimu, kila neno."

Bwana Kiondo akala zabibu moja. "Tusikilizane, afisa. Ukisema uliinama, umemsaidia mtu kumshambulia mtumishi wa umma, ambaye ni wewe. Ukisema ulibarikiwa, umepokea zawadi ukiwa kazini, na aliyekupa ana ombi la maji ya bomba katika idara yako, nimeangalia. Na ukinipinga mimi mahakamani, umenizuia kazi, maana na mimi ni mtumishi. Unakwenda ndani wewe, tena kwa muda mrefu kuliko yeye. Na yeye hapunguziwi hata siku moja. Mate ni mate."

"Basi tufungwe wote."

"Na shamba atalima nani? Na nani atampelekea sabuni?" wakili akauliza, tena kwa huruma ya kweli, jambo lililonitisha zaidi.

Mbonea aligeukia ukutani. "Nitasema kweli," akasema. Nilimjua tangu anatambaa, nikajua atasema.

Siku iliyofuata nilikwenda mahabusu na chupa ya chai. Mama Mbonea alikuwa amekaa sakafuni, miguu imemvimba, na wale wanawake wengine walikuwa wamempa nafasi karibu na dirisha.

"Koti limekauka?" ndilo neno lake la kwanza.

"Limekauka, Mama Mbonea. Halikushika doa."

"Ahsante, fundi. Kitambaa kizuri kile."

Nikamweleza aliyoyasema wakili, na aliyoyajibu Mbonea. Alisikiliza huku akichokoa ile manjano chini ya kucha, ambayo ilikuwa imeanza kufifia.

"Mtumie salamu akae kimya," nilimwambia. "Mwambie wewe ni mama yake, unamwamuru."

"Huyo? Hakunisikiliza hata alipokuwa na surua. Nilimwambia asitoke nje, akatoka, akaiambukiza shule nzima." Alicheka kidogo, kisha hakucheka. "Atasema kweli. Nimemlea hivyo mwenyewe, mjinga mimi." Akanywa chai. "Fundi, kule mahakamani nani anaanza kusema? Mimi au yeye?"

"Wewe. Mshtakiwa anasomewa shtaka kwanza."

"Vizuri," akasema, akanirudishia chupa.

Mahakama ile ya marumaru ilijaa siku hiyo, na hakimu alikuwa na furaha ya bwana harusi. Aliwasalimia watu badala ya viti. Koti langu lilining'inizwa ndani ya kabati la kioo, na nililiona jinsi lilivyokaa vizuri mabegani hata bila mtu. Mbonea alikuwa kwenye sofa ya waathirika, bandeji kichwani, macho hayambanduki mama yake. Waziri alikaa mbele kabisa.

"Mshtakiwa," hakimu akasema, "unadaiwa kumtemea mate mtumishi wa umma. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nia gani?"

Mbonea akainuka. "Mheshimiwa, naomba kusema jambo. Huyu ni..."

"Kaa chini!" Mama Mbonea alipaza ile sauti aliyokuwa akimwitia ng'ambo ya bonde. Mbonea akakaa. Wakili wa Serikali naye akakaa. Hata Waziri, ambaye alikuwa amekaa, alijisogeza akakaa vizuri zaidi.

Kisha Mama Mbonea akamgeukia hakimu, mikono nyuma, na akasema polepole, neno kwa neno, ili karani aandike. "Nilimtemea kwa hasira, mheshimiwa. Nilimchukia. Hakuinama. Nilimvizia. Kijana huyu ni mtu wa serikali na mimi simjui."

Wanawake wa kwetu waliokuwa nyuma walipiga ukelele, mmoja akajifunika uso kwa kanga. Yanipasa nieleze na hili. Kwetu mzazi hatamki hivyo kwa mzaha. Mate ya mama ni ya namna mbili tu, na akisema mbele ya watu kwamba alitema kwa hasira, basi amemlaani mwanawe, hata kama moyoni analia. Neno likishatoka linatembea na mtoto huyo mpaka siku mama atakapoliondoa, na huliondoa kwa njia ileile moja, kwa kumbariki upya. Mama Mbonea aliyajua haya kuliko hakimu na waziri na mimi. Aliyasema hata hivyo, na wala hakumtazama Mbonea alipokuwa akiyasema. Alilitazama koti.

Mbonea aliinuka tena. Alijaribu kusema, lakini hakimu alikuwa tayari anaandika, na Bwana Kiondo alikuwa anampongeza kwa kumshika mkono, na kelele za makofi zilikuwa nyingi. Mimi niliumia. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema hilo kwa kejeli, nimeshindwa. Niliumia, basi.

Alipewa ile miaka kumi na mitano, na mwingine mmoja kwa kumwamuru mtumishi wa umma akae chini. Mama Mbonea alikuwa na umri wa kulea wajukuu. Hesabu fanya mwenyewe.

Serikali ilifurahi mno. Waziri alisema redioni kwamba sheria sasa imeonja damu, akasahihisha, akasema imeonyesha meno, akasahihisha tena, akaweka muziki. Koti langu lilipelekwa Makumbusho ya Taifa na kibao chini yake kinachotaja idara, kifungu cha sheria, na jina la Waziri. Mbonea alipandishwa cheo, akawa Afisa Mwandamizi wa Waathirika, akapewa ofisi yenye zulia ambamo kazi yake ilikuwa kuonekana.

Hakuonekana. Alikonda. Alikuja kibarazani kwangu jioni moja, akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia: "Mzee Sekiete, kila ninachokishika kinaniponyoka. Nalala nasikia sauti yake: simjui. Najua alidanganya. Najua kwa nini. Lakini alisema."

"Iache serikali, mwanangu," nilimwambia. "Acha kazi. Ukiwa mtu wa kawaida, mate ya mama yako yatakuwa mate tu, mwambie akubariki tena, mambo yaishe."

Alikuwa ameshajaribu. Alikwenda Ofisi ya Utumishi akasema anaacha kazi, anataka awe mtoto wa mtu tu. Ofisa akamjibu kwa masikitiko kwamba kuacha kazi ni kumzuia mtumishi wa umma kutimiza wajibu wake, na mtumishi anayezuiwa ni Mbonea mwenyewe, na sheria inamlinda Mbonea kikamilifu dhidi ya Mbonea. Alimshauri anywe maji.

Mvua za vuli zilipoisha tukapata ruhusa ya kwenda gerezani. Tulikwenda na sabuni, na mafuta ya kupaka, na tangawizi niliyoichimba mwenyewe kwenye ule mteremko, nikaanguka mara kadhaa. Tulipofika tukaelezwa utaratibu. Mfungwa wa Sheria ya Kumkinga Mtumishi haruhusiwi kumkaribia mtumishi yeyote. Uani pamechorwa mstari mweupe huku na mstari mweupe kule, na katikati husimama askari mwenye filimbi. Mimi, kwa kuwa si mtumishi, ningeweza kwenda mpaka karibu naye. Mbonea abaki mstarini.

Mama Mbonea aliletwa. Alikuwa amepungua, nguo ya gereza imemzidi mabega, na fundi ndani yangu akataka kuipunguza hapohapo. Kucha zake zilikuwa nyeupe kabisa. Nilimpa tangawizi, akainusa, akaifumbata. Kisha akatazama ng'ambo ya ua.

Mbonea naye alimwona. Pale mstarini, mbele ya askari, katika suti ya serikali ambayo hata sitaki kuieleza ilivyoshonwa, aliinamisha kichwa na kukunjua viganja.

Askari aliona. Akaiweka filimbi mdomoni. "Mama," akasema, "mate yakirushwa hewani yanaweza kumfikia mtumishi yeyote. Hata mimi. Na yule wakimkuta ameinama tena, safari hii ni yeye anayekwenda ndani. Tafadhali."

Nilikuwa karibu naye. Niliona midomo ikianza kumtetema kwa yale maombi yasiyotamkwa. Niliona mashavu yakijaa kidogo. Akafumba macho, akamshikilia mwanawe mle mdomoni muda mrefu sana, machozi yakimtoka chini ya kope, na askari akivuta pumzi kwa ajili ya filimbi.

Kisha akameza.

"Muda umekwisha, afisa," askari alimwambia Mbonea, kwa heshima zote. Mbonea alikuwa bado ameinama, viganja wazi, anangoja.